Kengele ya Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo lake halikuwahi kufumuka. Kilichofumuka ni ndoa. Mumewe alikuwa mpole kama maji ya mtungini mbele za watu. Akishafunga mlango, ngumi. Alipomvunja mkono, dada yake Mama Pindo alimkokota mdogo wake mpaka mahakamani.

Hakimu akaamuru wakae mbalimbali: mume avishwe kifaa mguuni, mke apewe kengele ya kutembea nayo. Wakikaribiana, kengele ilie na polisi waone kwenye skrini.

"Sasa utalala, mdogo wangu," dada alisema.

Alilala kweli, kwa muda. Kisha yule bwana akapanga chumba nyuma ya maduka ya vitambaa. Mama Pindo akifuata uzi tu, kengele inapiga mayowe mfukoni, watu wanageuka, simu inaita.

"Mama, ondoka hapo," askari akamwambia.

"Niondoke mimi? Si yeye aliyenivunja mkono?"

"Yeye yuko kwake. Wewe ndiye uliyesogea."

Bwana akaujua mchezo. Akawa anatembea polepole mtaa hadi mtaa, mikono nyuma, na kila alikotokea mkewe alirudi kinyumenyume. Hakumgusa hata kwa ukucha. Alimswaga kama mbuzi, mpaka akabakiwa na kibanda chake cha kushonea tu.

Mchana mmoja kengele ililia akiwa anapiga pasi sare za shule. Alikimbilia komeo. Mlango ukaingia ndani pamoja na bawaba zake.

"Umenivisha chuma kama mwizi!" mume alifoka. Akashika ule utepe wa kupimia uliomning'inia mkewe shingoni, akauzungusha, akavuta.

Kengele iliendelea kulia mezani. Mama Pindo aliona giza. Mkono wake ukapapasa, ukaikuta pasi, akambandika nayo shavuni. Ngozi ikalia chwaa. Mume alinguruma bila kuachia. Mama Pindo akampiga kwa ncha ya pasi, jichoni. Damu ikarukia sare. Sasa mume aliachia, akaanguka chali.

Mama Pindo angeweza kukimbia. Mlango haukuwepo tena. Lakini miaka yote ile ilimpanda kichwani kwa pamoja, akapiga magoti, akampiga tena, na tena, mpaka meno yakamwagika sakafuni kama vifungo.

Polisi walifika upesi, kama walivyoahidi. Wakakuta mwanamume chini na mwanamke ameshika pasi. Wakamfunga mwanamke pingu.

"Si kengele ililia?" aliuliza, sauti ikikwaruza.

"Ililia, mama. Ndiyo maana tumekuja."

Mume alipona, akabaki na jicho moja, akafungwa jela kwa kuvunja amri. Mama Pindo naye alishtakiwa kwa mapigo yale ya mume akiwa tayari chini. "La kwanza ni kujitetea," mwendesha mashtaka alisema. "La mwisho je?" Baadaye Mama Pindo alimwambia dada yake kwamba moyoni hakujuta.

Akapewa dhamana kwa sharti: akae kwa dada yake, asikanyage kibandani, na simu ya polisi ikiita wakati wowote aonyeshe uso, mashine imtambue kwamba yuko nyumbani.

Jana iliita akiwa bafuni.

"Pokea, wasije wakakufuata!" dada alipiga kelele mlangoni.

Alitoka na povu kichwani, akaiinua simu. Mashine ikamkataa. Akafuta povu kwa kiganja, akasogea dirishani, akangoja imkubali.