Jiwe Lililoanguka Nikanyamaza

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijaolewa, naishi kwa baba hapa hapa Mpemba, karibu na Tunduma, na nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Siku hiyo nusura nimuue mzazi wangu kwa neno moja la uongo. Keti, nikusimulie.

Baba yangu, Mzee Nzowa, alihamia Mpemba kutoka Hasamba, kwenye mashamba ya kahawa. Nyuma ya nyumba alikuwa na chumba cha ufundi, na juu ya meza ya chumba hicho alikuwa amefunga mashine ya umeme ya kunolea: mota katikati, jiwe la duara upande huu na jiwe la duara upande ule. Watu walimletea majembe, mapanga, mashoka, hata mikasi ya kupogolea kahawa. Kisha macho yake yakaingia ukungu, mwishowe akawa anaona vivuli tu. Mashine nayo ikakwama, ikafunikwa magunia, ikaota kutu. Baba, aliyekuwa mcheshi kuliko wote mtaani, akawa mtu wa kukaa kibarazani na kujibu "ndiyo" au "hapana".

Kaka zangu wakasema mashine iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikasema, "Nipeni mimi kwanza." Wakacheka sana. Siwalaumu, siku zile msichana kushika spana ilikuwa kama mtetea kuwika.

Aliyenishika mkono ni baba mdogo Simkoko, binamu yake baba. Alikuwa amekereza vyuma miaka mingi katika migodi ya shaba kule Zambia, na alipostaafu akajenga Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alivuka kuja kwetu kila alipopata nafasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba nati ya jiwe la kushoto hufunguliwa kinyume na nati nyingine. Kabla hajaniambia, nilikuwa nimetumia asubuhi nzima nikiikaza huku nadhani naifungua! Alinifundisha kuchora kila waya ulikotoka kabla ya kuuchomoa. Beringi zilikuwa zimekufa. Nilizunguka maduka ya vipuri ya Tunduma na beringi kuukuu kwenye mfuko wa sketi mpaka nikapata za kufanana nayo. Kutu niliisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, siku baada ya siku, kisha nikaipaka mashine rangi ya kijani. Mchumia juani hulia kivulini, nami nilikiona kivuli kile kinakaribia.

Sasa sikiliza nilipoharibu. Alasiri moja, nikiwa peke yangu, niliinua jiwe la kushoto, lililokuwa bado limelazwa mezani, ili nifute meza. Mikono ilikuwa na grisi. Likaniponyoka, likapiga sakafu ya saruji kwa ukingo. Nikaliokota, nikaligeuza huku na huku. Sikuona hata mkwaruzo. Nikalipangusa na kulirudisha mahali pake.

Siku mbili baadaye baba mdogo akaniuliza, "Mawe haya, hakuna lililowahi kuanguka?"

"Hapana, baba mdogo."

Akanitazama kidogo. "Sawa. Lakini siku ya kuwasha nisubiri. Mawe hugongwa yakasikilizwa kwanza."

Nikaitikia. Kwa nini nilidanganya? Mvua za kwanza zilikuwa karibu, na tayari nilikuwa nimewatangazia akina mama wa kwaya kwamba Jumamosi walete majembe. Kama ningesema jiwe limeanguka, ingebidi kutafuta jingine, na Jumamosi yangu ingekufa. Nilitaka kuonekana, mwanangu. Hakuna sababu nyingine.

Jumamosi ilipofika uwanja ulijaa. Kaka zangu walikuwepo, majirani walikuwepo, na majembe yalilala chini kama mavuno. Baba mdogo alichelewa. Walisema malori yamefunga barabara kule mpakani. Sikumngoja. Nikabonyeza swichi, na mashine ile ya chini ya magunia ikavuma. Akina mama wakapiga vigelegele. Uso wa baba ukafunguka namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Nikamshika mkono, nikampa panga lake mwenyewe, nikasema, "Baba, njoo uwe wa kwanza." Nikamsimamisha mbele ya jiwe la kushoto, uso wake umelielekea.

"Awe!"

Sauti ilitoka mlangoni. Ni Kibemba, maana yake hapana. Baba mdogo Simkoko alikuwa anahema, viatu vimejaa vumbi. "Awe, mwana! Zima!" Hakunisubiri. Alipita katikati ya watu akachomoa waya ukutani. Mawe yakazunguka, yakazunguka, yakasimama.

"Nani ameyagonga na kuyasikiliza?"

Kiburi kikanipanda. "Baba mdogo, mbona yanazunguka vizuri tu?"

"Hata lori lisilo na breki hutembea vizuri, mpaka lifike mteremkoni."

Akafungua jiwe la kulia, akalining'iniza kwenye kidole, akaligonga kwa mpini wa bisibisi. Likalia ngiii, kama kengele ndogo. Akafungua la kushoto, akaligonga. *To.* Kama chungu kilichopasuka.

"Labda lina uchafu," nikasema.

"Gonga tena," alisema baba. Baba mdogo akagonga. Baba aliinamisha kichwa. "Hili lina ufa. Macho yamekwenda, masikio bado ninayo." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, lilianguka?"

Baba mdogo nilikuwa nimeweza kumdanganya. Macho yale yasiyoniona sikuyaweza. "Lilianguka, baba," nikasema, mbele ya wote. "Mimi ndiye niliyeliangusha, nikaficha."

Baba mdogo hakunifokea. Alilipiga jiwe kwenye kizingiti mara moja tu, likagawanyika. Ufa ulikuwa umetoka kwenye tundu la katikati karibu ufike ukingoni. Akaniwekea kipande mkononi. "Hiki kikiruka kwa kasi ile, kingekwenda wapi?"

Nikatazama pale baba alipokuwa amesimama. Nikakaa chini.

"Kuangusha si kosa," akasema baba mdogo, "hata mimi nimeangusha mengi. Lakini ulipoficha, ulimsimamisha baba yako mbele ya siri yako."

Watu waliondoka na majembe yao butu. Nilisikia minong'ono, na mingine haikuwa minong'ono. Nikamwambia baba mashine iuzwe, sistahili kuigusa. Alitafuta bega langu kwa mkono, akalipata. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Nenda na baba yako mdogo mkatafute jiwe."

Jiwe tulilipata Nakonde. Nililigonga mle mle dukani, muuzaji akicheka, mpaka niliposikia linalia. Jumamosi iliyofuata nilidhani hatakuja mtu. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Tumaini wa kwaya, anasukuma toroli lenye majembe tisa. Akasema, "Fundi anayeweza kusema nimekosea, huyo ndiye ninayempa jembe langu." Nikalia hadharani, sioni haya kukuambia.

Tuliwasha, sote tukasimama pembeni kwanza kama alivyotaka baba mdogo. Kisha baba akaweka panga kwenye kiegemeo cha mbele ya jiwe, nami nikaweka mikono yangu juu ya yake. Baada ya muda mfupi akasema, "Niache." Akanoa kwa kusikiliza, cheche zikimwagika. Siku ile aliongea kuliko mwaka mzima uliotangulia. Aliendelea kunoa kwa miaka mingi, na kila mara nilipomvika miwani ya kukinga macho alicheka, akiuliza anakinga nini. Kaka zangu? Walianza kuniita fundi, kwanza kwa utani, baadaye si kwa utani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado ni lako peke yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine kifo hicho humwendea mwingine asiyejua lolote. Aibu ya kusema ukweli hupita. Mimi yangu ilikaa juma moja. Usiharakishe siku ya kusifiwa ukaacha kumngoja anayejua zaidi yako. Na ukisharudi kwenye ukweli, usijihukumu ukaiacha kazi. Rudi kazini, maana watu wema husamehe haraka kuliko tunavyodhani. Na wewe utakapokuwa mkubwa, anayekiri mbele yako usimvunje, mtafutie njia ya kuanza upya.

Mungu aibariki mikono yako na kazi zake. Akupe moyo usioogopa kusema "ni mimi", na asikunyime kamwe mtu wa kukuzuia mlangoni wakati bado kuna nafasi ya kutengeneza. Amina.