Habari za Maji ya Yeyo Nashipae

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue pete ya ndoa. Nilikuwa nimefika bohari ya idara ya madini nikiwa na viatu vipya na mikono iliyopakwa mafuta ikang'aa, nikidhani mtu anayeanza kazi ya serikali sharti apendeze. Mkuu wa Kikosi, mwanajiolojia mrefu aliyezoea kutembea akiangalia chini, alinitazama vidole kabla hajanitazama uso.

"Hiyo ni dhahabu?"

"Ndiyo. Ya ndoa."

"Ivue. Ukichekecha mchanga nayo, maabara itaniambia kuna dhahabu Kisaju, na hakuna mtu atalala tena Kisaju. Hayo mafuta nayo, nenda ukanawe."

Nilinawa. Pete niliifunga kwenye kona ya leso, na nyumbani mume wangu akataka kujua ni kazi gani hii inayoanza kwa kumvua mke wa mtu pete. Nilimweleza, kama ninavyowaeleza ninyi, kwamba tulikuwa tunatafuta kitu kidogo sana, chembe chache ndani ya mamilioni ya chembe nyingine. Ukitafuta kitu kidogo namna hiyo, uchafu wa mikono yako mwenyewe ni mkubwa kama mlima. Hakuelewa. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipotoka kwenda kazini alikuwa akinyoosha kiganja, nami namwekea pete.

Tulikuwa tukitafuta urani. Najua neno hilo linawafanya watu wafikirie mabomu, lakini urani ni metali iliyo karibu kila mahali, kidogo kidogo, kwenye miamba, kwenye udongo na kwenye maji. Kazi yetu haikuwa kuchimba. Tulitaka kuchora ramani ya eneo zima na kujua wapi iko kawaida na wapi imezidi. Huwezi kupanda kila kilima na kuvunja kila jiwe, kwa hiyo unauachia mto ufanye kazi hiyo. Mvua inaosha kilima, mto unabeba, na matope laini yanayobaki chini, ambayo sisi tunayaita mashapo, yana habari za kila mteremko ulio juu yake. Ukichota sehemu kadhaa za kitanda cha mto, ukachanganya, ukachekecha na kubakiza zile chembe laini, mfuko mmoja mdogo unakuambia habari za kilima ambacho hujakanyaga. Mpaka leo jambo hilo linanifurahisha.

Yaliyonichosha ni mengine. Mashapo huchotwa upande wa juu wa barabara, kamwe si pale inapovuka, kwa sababu barabara imemwagiwa changarawe ya murram iliyotoka kwingine na magari yanadondosha oili. Basi kila dereva tuliyepewa alitaka kujua kwa nini hatuwezi kuchota palepale alipoegesha. Ukitembea kwenda juu ya laga, yaani mto wetu usio na maji mpaka mvua inyeshe, unakuta malori ya mchanga yamekutangulia. Nimewahi kurudi kwenye laga moja ng'ambo ya Kisaju kurudia sampuli, nikakuta mto mzima umepakiwa ukaenda kujenga maghorofa Kitengela. Umebaki mwamba mtupu. Nilisimama hapo na chekeche yangu kama mtu aliyekuja kwa harusi akakuta hata hema limeng'olewa.

Halafu walikuwepo mabroka wa mashamba. Walifuata gari letu kwa pikipiki, na kila tulipoinama waliandika. "Mama, mmepata?" Nikisema tumepata matope, wanacheka, wanakonyezana, na jioni bei ya shamba hilo imepanda. Wafugaji nao walituona tumeshika ramani wakajua tumekuja kukata ardhi. Sikuwalaumu. Kila aliyewahi kufika kwao na ramani aliondoka na kitu.

Baada ya miaka ya mashapo nilihamishiwa Kajiado, kwenye maji ya chini ya ardhi. Huko bosi wangu alikuwa Mkuu wa Kituo, mtu nadhifu, mpole, aliyeogopa barua kuliko simba. Maji yana adabu zake. Huchoti kwenye tangi, kwa sababu maji ya tangi yamelala na kubadilika. Unawasha pampu, unaacha yamwagike mpaka yale yaliyosimama kwenye bomba yaishe, unapima joto, uchachu na chumvi, na vipimo vikitulia ndipo unajaza chupa. Unayachuja, kisha unatia matone ya asidi ya nitriki, la sivyo urani inajishika kwenye ukuta wa chupa na maabara inapima maji yasiyo na hatia. Ilinibidi nieleze jambo hilo kila kisima, maana kumwaga maji mbele ya mwanamke aliyepanga mitungi tangu alfajiri ni kutafuta matusi.

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Yeyo Nashipae. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na huyu alikuwa mama kwelikweli, bibi mwenye wajukuu wengi, mwenyekiti wa kisima cha bomba kilichokuwa upande wa Mashuuru. Niliwasha pampu, maji yakaanza kumwagika, akaja na fimbo yake.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia salamu. "Wewe ndio mama wa chupa? Nimesikia juu yako. Unamwaga maji ya watu."

"Namwaga kidogo, yeyo, ndio nipate yale ya chini kabisa."

"Ya chini yako na nini ambayo ya juu haina?"

Nikamweleza yote, mashapo, asidi, ramani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, beba. Lakini mgeni hapa hawezi kuondoka na kitu bila kuacha ilomon. Hayo maji yakisema kitu huko, uniletee."

Ilomon ni habari. Umaasaini watu wawili wakikutana hawapitani tu. Mmoja anamuuliza mwenzake habari, naye anasema hakuna, halafu anaanza kuzitoa zote: mvua, majani, nani amezaa, ng'ombe gani amepotea. Ni wajibu, kama kufunga zizi. Nikamwahidi. Ahadi ile ilinitoka kwa urahisi sana.

Majibu yaliporudi, kisima cha Yeyo kilikuwa kimezidi. Kilizidi mbali kile kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa. Chupa moja si ushahidi, kwa hiyo tulirudi tukachota tena, na pamoja nayo tukapeleka chupa ya maji safi kabisa, ili maabara ikidanganya tuijue. Haikudanganya. Jibu lilikuwa lilelile.

Hapa nataka mwelewe vizuri. Maji yenye floridi nyingi tunayajua Kajiado. Yanamtia mtoto meno ya kahawia na kila mtu anaona. Urani haina rangi wala ladha. Ikizidi kwenye maji ya kunywa, haimlipui mtu. Inachokoza figo polepole, mwaka baada ya mwaka, na wanaokunywa mengi zaidi kwa kulinganisha na uzito wao ni watoto wachanga. Yeyo alikuwa na mjukuu wa miezi michache, binti yake akimpikia uji kwa maji hayohayo.

Niliingia kwa Mkuu wa Kituo na karatasi ya majibu.

"Tuwaambie wale watu," nikasema.

"Kama nani?" akaniuliza. "Sisi tunatafuta madini, mama. Hatutafuti magonjwa. Maji ya kunywa ni ya ofisi ingine."

Nikaenda ofisi ile ingine. Kijana wa mapokezi alinipa kiti, na afisa wake akaniambia kwa heshima kuu kwamba urani ni madini, na madini ni ya ofisi yetu. Nikarudi. Mkuu akaandika barua kwenda juu. Juu wakauliza kama hiyo data imeidhinishwa kutolewa. Akajibu kwamba anaomba iidhinishwe. Wakauliza inaombwa na nani. Mvua ikanyesha, ikakata. Kila Jumatatu nilimuuliza, na kila Jumatatu aliinua kikombe cha chai akanywa taratibu, kama mtu anayejificha nyuma yake.

"Nitaenda mwenyewe nimwambie," nikamwambia siku moja.

"Ukienda na mdomo wako tu, kesho mabroka watasema Mashuuru kuna urani, na hao watu watahamishwa na wenye pesa kabla hawajahamishwa na figo. Leta karatasi yenye muhuri au usilete kitu."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa amekosea kabisa. Nilikuwa nimewaona wale wa pikipiki. Lakini mtoto hanywi muhuri.

Basi siku ya soko, watu wakiwa wamejaa Kajiado, Yeyo Nashipae aliingia ofisini kwetu. Alikuwa amevaa shanga zake zote. Akakaa kwenye benchi mbele ya mlango wa Mkuu wa Kituo, akaweka fimbo magotini. Mkuu akatoka.

"Takwenya, yeyo. Nikusaidie aje?"

"Iko. Watoto wangu wako hapa kwako."

"Watoto? Hapa ni ofisi ya mawe, yeyo."

"Walibebwa na huyu mama wa chupa. Maji yangu. Mtoto akipelekwa boarding, si mzazi anakuja siku ya kutembelewa? Nimekuja. Wako aje?"

Mkuu akaniangalia. Mimi nikaangalia dirisha.

"Tunangojea ripoti kamili," akasema.

"Sawa. Nitangoja na wewe." Akakunja shuka yake vizuri akaegemea ukuta. Watu waliokuja kuulizia leseni za machimbo wakamsalimu mmoja mmoja, na kila mmoja alipomuuliza amekuja kufanya nini, aliwaambia kwa sauti ya kutosha kufika ndani. Benchi likajaa. Mzee mmoja aliyeletwa na shida zake za kokoto alisahau kokoto akakaa kusikiliza.

Mkuu akatoka tena. "Yeyo, kwa sasa hakuna habari."

"Vizuri," akasema Yeyo. "Kila mtu huanza hivyo. Husema hakuna, halafu anazisema. Sasa sema."

Yule mzee wa kokoto akaitikia "Ee," kama anavyoitikia mtu anayepewa habari, na benchi zima likaitikia pamoja naye. Mkuu wa Kituo alisimama pale na kikombe chake. Alikuwa ameishi Kajiado muda wa kutosha kujua kwamba ukishaitikiwa, zamu ni yako.

"Mama wa chupa," akasema, "mwambie."

"Si ulisema muhuri?"

"Mwambie, bwana. Muhuri nitaupiga sasa hivi."

Tukaingia ndani sisi watatu, nikafunga mlango mabroka wasisikie, nikamwambia yote kwa maneno mepesi. Aliuliza habari za mtoto kwanza, kisha za mbuzi. Nilimwambia kufua na kuoga hakuna neno, na mifugo isiwe hofu yake ya kwanza, lakini ya kunywa na ya kupikia uji watafute kwingine kuanzia leo. Hakulia wala hakushukuru.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Akamgeukia Mkuu. "Sasa hiyo ndiyo habari. Si ilikuwa rahisi?"

Wiki hiyo wanawake wa kisima kile walirudi kwenye njia ya zamani: visima vifupi vya mchanga ndani ya laga, ambavyo nilivipima nikakuta ni vizuri vikikingwa dhidi ya kinyesi cha mifugo, na maji yakichemshwa. Malori ya mchanga yalipofika yakakuta wanawake wamekaa barabarani wakishona shanga. Hayakupita. Kisima kipya mbali kidogo, kwenye mwamba wa aina nyingine, kilikuja baadaye sana, baada ya barua ambazo sina nguvu ya kuzisimulia. Nilipopeleka majibu yake, Yeyo alijaza kikombe akanipa mimi kwanza, akanitazama mpaka nikamaliza. Yalikuwa na chumvi kidogo. Mkuu wa Kituo, ambaye alikuwa amekuja mwenyewe na muhuri wake mfukoni, aliongezewa cha pili.

Sasa nimestaafu, naishi Kitengela, na pete yangu haivuliwi na mtu. Vijana wa kazi hii wana vifaa ambavyo sisi tulivisikia tu. Simu inawaambia walipo, maabara inawajibu mapema. Nawapenda, na nawaambia kila ninapopata nafasi: jifunzeni vizuri, msichote barabarani, tieni asidi yenu. Wananisikiliza kwa adabu.

Kabla ya mvua hizi alikuja binti mmoja, msomi, mchangamfu, kuchota maji ya kisima cha mtaa wetu. Alifanya kila kitu sawasawa. Aliacha pampu ikimwagika hata majirani wakanung'unika, na mimi nikamtetea. Nikampa chai. Alipofunga kifuniko cha chupa nilimuuliza majibu tutayapata lini.

"Hayo yanaenda kwa mradi, shosho," akaniambia, yaani bibi. "Siwezi kujua."

Mvua imenyesha, imekata. Jirani yangu ana mtoto mchanga. Jana nimepiga simu ofisini kwao nikaambiwa nijaribu ofisi ingine.

Kwa hiyo leo asubuhi nimevaa gauni langu la kanisani, nimefika, nimesalimu kila mtu, na haya nayaandika nikiwa nimekaa kwenye benchi lao. Kijana wa mapokezi ameshaniuliza mara kadhaa anisaidie aje. Nimemwambia maji yangu yako hapa ndani, na nimekuja kujua hali yao. Amesema hakuna habari. Nimemwambia vizuri, aendelee.