Baba mkwe alikataa kunitazama, nikataka kuvunja uchumba

Wakuu, nawasalimu kutoka Tukuyu. Mvua inapiga bati toka asubuhi na wateja hakuna. Nimekaa nikamkumbuka marehemu baba mkwe, nikaona niwasimulie. Chumvi sijaongeza, maana mume wangu yumo humu na ataniumbua.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro. Nilikuja huku kuuza kwenye duka la dawa, nikapanga chumba mtaa wa Bulyaga, nikapata mchumba Mnyakyusa wa Ikuti.

Siku ya kwenda kwao kujitambulisha nilikuwa najiamini balaa. Kazini tulishapigwa semina ya customer care: mtazame mtu machoni, tabasamu, mpe mkono kwa confidence. Nikasema wakwe nawamaliza mapema.

Tumefika, mchumba anahangaika kuegesha pikipiki kwenye tope, mimi huyoo mbele.

Mzee akatoka mlangoni. Nikamfuata meno yote nje, mkono nimenyoosha, macho nimemkazia.

Akageuza uso, akashika njia ya migombani. Hata karibu hakusema.

Niliumia, nyie acheni tu. Nikakaa jikoni na mama mkwe, yeye anapakua ndizi. Kichwani nilishaamua kwamba nikirudi Bulyaga, uchumba basi. Ndoa ya kuchukiwa na baba mkwe ya nini?

Nikamwambia mama waziwazi kuwa mzee hanitaki. Akaacha kupakua, akanishangaa.

"Gwe mwanangu, angekuwa hakutaki angekutazama kama anavyotazama watu wa barabarani. Amekukwepa kwa sababu ameshakuhesabu mkwe."

Kumbe kwa wazee wa huku, baba mkwe na mkwe wa kike hawatazamani usoni wala hawapishani mlangoni. Ndiyo heshima yenyewe. Mchumba wangu eti alidhani baba yake ameshaachana na hayo mambo. Nilimsema njia nzima.

Nikaolewa, tukajenga palepale Ikuti. Miaka kumi na moja tuliishi hivyo. Akitaka kupita uani anakohoa kwanza, najibanza jikoni, anapita.

Nilipojifungua, kila asubuhi alileta maziwa, anayaweka kizingitini na kuondoka kimya. Mimi ninayeongea kuliko redio sikuwahi kupiga naye stori hata moja, na sijui kama kuna mtu mzima aliyewahi kunipenda vile. Nayakumbuka sana yale maziwa.

Mwishoni uzee ukamchanganya, akaanza kusahau watu. Asubuhi moja nafagia uani, akaja moja kwa moja hadi niliposimama, akanitazama machoni, akacheka.

"Wewe binti, ni wa kwa nani?"

Wifi yangu alifurahi, akasema mzee leo amechangamka. Mimi nilitupa fagio nikaingia ndani kulia. Kwangu mimi baba mkwe aliondoka siku ile, ingawa tulimzika miezi kadhaa baadaye.

Wakuu, hiyo body language ya kwenye semina isitufanye tuwahukumu watu haraka. Kabla hujasema mtu anakudharau, ulizia kwanza kwao heshima inaonekanaje. Mimi nusura nimkimbie mtu aliyenikubali siku ya kwanza.

Nani mwingine aliwahi kumsoma mtu vibaya namna hii? Tupeni na yenu tusome.

Na wewe ambaye baba mkwe bado anakukwepa, shukuru Mungu. Bado anakujua.