Vioo vya Darasa la Saba

Fundi anabandika vioo kwenye madirisha ya nyumba yangu hapa Makambako, na harufu ya ile puti mbichi ya kushikizia vioo imenirudisha darasa la kwanza, huko Njombe, msimu wa baridi kali. Wazazi wa shule nzima walikuwa wamechangia vioo, lakini vikatosha chumba kimoja tu. Madirisha yetu yalikuwa matupu, ukungu ukiingia mpaka kwenye madaftari.

Mwalimu wetu, mama mmoja mpole, alimkabili mwalimu mkuu mbele yetu.

"Mwalimu Mkuu, hawa wadogo ndio wanaotetemeka. Penseli zinawadondoka."

"La saba wana mtihani wa taifa, Mwalimu. Hawa wako wana mtihani gani?"

Vioo vikaenda la saba. Mwalimu wetu akapigilia kitenge chake dirishani. Mwalimu mkuu akaamuru kitolewe, kwa kuwa wageni wa wilaya walikuwa wanakuja na kingeiaibisha shule. Mwalimu wetu akakitoa, akamfunika nacho mtoto aliyekuwa akikohoa.

Wageni walipelekwa la saba. Tulisikia makofi yao ya pongezi kupitia ukuta, sisi tumekalia viganja vyetu ili vipate joto.