Kipimo Kilichonivua Nguo Ghalani

Chekeni tu, maana hata mimi nacheka. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini tumbaku imenijengea nyumba Kanyenye, kwa hiyo kufundishwa sipendi. Juzi binti yangu Zena akaniletea kisaa kidogo cha kupima mvuke wa maji ulio hewani.

"Baba, namba ikipanda ujue ghala lina unyevu, na tumbaku itaota ukungu."

Na mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake!

Miwani mimi sivai, hiyo ni ya wazee. Basi nikakisogelea kile kisaa hadi pua ikagusa kioo. Namba ikapanda. Nikakikemea, ikapanda zaidi. Nikawaita wapakiaji wangu: "Njooni muone, mali inaoza!" Wakasonga vichwa pale, wote wanahema, namba ikaruka kama panzi.

"Toeni marobota yote nje!"

Wakabeba huku jasho likiwatiririka. Mimi kila mara narudi kukichungulia kisaa, nacho kinazidi kupanda hata ghala lilipobaki tupu.

Mke wangu akaja na chai, akasimama mlangoni akitutazama. Kisha akakichukua kile kisaa, akakiweka juu ya mzani na kutuzuia tusikisogelee. Namba ikashuka, ikashuka, ikatulia.

"Mzee," akasema mbele ya wapakiaji wote, "ghala kavu kama kuni. Unyevu wote huu unatoka mdomoni mwako."