Chupa Tatu za Mama wa Quionga

Juzi kwenye gereji moja ya Palma nilimkuta mama muuza mafuta ya nazi kutoka Quionga akibishana na fundi. Pikapu yake bado mpya, imo ndani ya garantia, ile dhamana ya kutengenezewa bure, lakini pampu ya dizeli imekufa.

"Garantia haihusu dizeli yenye maji, mama. Huko kwenu mnanunua ya madumu." Boneti hata hajaifungua! Mafundi wetu siku hizi ugonjwa wa gari wanausoma kwenye kijiji ulikotoka.

"Ya madumu, ndiyo," mama akasema, akapanga juu ya kaunta chupa tatu zilizojaa dizeli. "Kila nikijaza tangi natoa chupa moja, naiacha itulie mpaka asubuhi, kama ninavyopima mafuta yangu ya nazi. Nioneshe maji, mwanangu."

Fundi akaziinua dirishani moja moja. Hakuna hata tone. Akaenda kufungua pampu, akakuta chuma chake chenyewe kimelika bila kutu, kasoro ya kiwandani. Akagonga muhuri kwenye karatasi ya garantia: pampu mpya, bure. Nilifurahi kana kwamba gari ni langu.

Kisha fundi akatoa chupa yake chini ya kaunta. "Na haya ya nazi, mama, niliyouziwa sokoni?"

Mama akatazama kitako cha chupa. Maji yalikuwa yametulia vidole viwili.

"Aliyekuuzia, mwanangu, alikupa garantia?"