Kidonge Baada ya Daku

Daktari wa kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, alimpa Hachimia sharti kabla ya kumwandikia vidonge vya usingizi: kimeze ukiwa kitandani, usiku mzima ukiwa bado mbele yako, na asiwepo mtoto wa kuangaliwa na wewe peke yako. Baada ya wiki mbili, aliongeza, rudi nikuone. Hachimia aliitikia.

Hakuwa mwanamke mzembe. Alikuwa mshonaji wa mtaa wa Antanimasaja, kule mji wa Mahajanga, hadi zile siku za mauaji mwishoni mwa mwaka 1976, Wangazija walipowindwa nyumba kwa nyumba. Mumewe alitoka kwenda kumtafuta ndugu yake, hakurudi. Hachimia alikimbilia Andilana, kisiwani Nosy Be, kwa binti yake Bahia, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli. Huko palikuwa salama, lakini mwili wake haukukubali. Mbwa akibweka tu, yeye alikuwa ameshika komeo la mlango.

Vidonge vilimlaza. Wiki mbili zilipokwisha hakurudi kwa daktari. Mkwewe Youssoufa, mume wa Bahia, baharia asiyekaa nyumbani, alimnunulia vingine bandarini kwa mtu asiyeuliza cheti cha daktari. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na mapenzi ya namna hiyo ni hatari, kwa kuwa hayana wa kuyazuia. Hachimia akaendelea kumeza kwa miezi.

Ikaja Ramadhani ya mwaka 1979. Siku za mwanzo alimeza kidonge baada ya tarawehe kama kawaida, daku likampita, akafunga na tumbo tupu. Jirani yake Koulsoum alimcheka akikuna nazi: "Wenzako tunakula daku, bi Hachimia. Wewe unaliota."

Aliona haya. Basi akakisogeza kidonge: akawa anakula daku na wenzake, kisha anakimeza kabla ya adhana ya alfajiri. Hakuona ubaya, maana baada ya sala mtaa mzima hurudi kulala, na Bahia hakuwa akienda kazini mpaka jua limepanda. Hakumuuliza daktari. Hakumwambia hata Bahia.

Asubuhi moja alizinduka, ulimi mzito kama kitambaa kilicholowa. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya chumba. Mkeka wa mjukuu wake Laïla, mtoto wa Bahia aliyekuwa bado hajui kutamka jina lake sawasawa, ulikuwa mtupu. Mlango, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameutia komeo, ulikuwa wazi.

Alimwita Bahia. Aliyeitika ni Koulsoum, kutoka uani kwake: Bahia aliondoka zamani, hoteli ilipata wageni wa ghafla. "Si amekuachia mtoto? Nilikusikia mwenyewe ukimjibu, na komeo ukamfungulia."

Hachimia hakukumbuka kujibu. Hakukumbuka kusimama. Hilo lilimtisha kuliko ule mlango: kwamba kinywa chake kimesema na mikono yake imefungua, na yeye hakuwepo.

Alitoka mbio, lakini miguu haikumtii. Alijishikilia kwenye uzio akiita, na sauti yake mwenyewe ikamrudisha Mahajanga, kwenye mlango mwingine uliokuwa wazi, alipoita jina la mumewe mpaka likamkauka kooni. Ni Koulsoum aliyefika pwani. Maji yalikuwa yamejaa. Laïla alikuwa amesimama ndani yake hadi kifuani, ameng'ang'ania kamba ya mtumbwi, halii, midomo imebadilika rangi.

Bahia alikuja na povu la sabuni mikononi. Alimfunika mtoto kwanza, ndipo akasema.

"Mama, nilikuuliza mara mbili kama uko macho. Ukaniambia, nenda, ninaye."

"Sikumbuki, mwanangu."

"Ndicho ninachokiogopa."

Siku hiyo hiyo Hachimia alitaka kuvitupa vidonge vyote chooni. Bahia alimkataza mpaka waonane na daktari, na alifanya vema. Daktari aliwaeleza kwamba aliyevizoea kwa miezi akiviacha ghafla anaweza kushikwa na degedege. Lazima vipunguzwe kidogo kidogo, chini ya uangalizi. Akaeleza pia kwamba mtu aliyemeza dawa hiyo anaweza kusema na kutembea bila kubakiwa na kumbukumbu, na kwamba asubuhi dawa bado imo mwilini.

Hachimia alipunguziwa hadi akaviacha. Usingizi wake ulirudi haba, akauridhia.

Lakini Youssoufa alipotia nanga na kusikia yaliyotokea, alimchukua Laïla, kwa ridhaa ya Bahia, akampeleka kwa mama yake, Msakalava, mwenyeji wa pwani hiyo, aliyekuwa akiishi Antanimasaja ileile. Hachimia aliwasindikiza hadi gatini, akaishia hapo. Hakuwahi tena kukanyaga Mahajanga. Kila alipofunga safari, alifika gatini akageuza njia. Laïla alikulia huko, na neno koko, ambalo Wangazija humwitia bibi, alilizoea kwa mwanamke mwingine.